Bundi wa Jericho

Jioni hiyo ya mwaka 2017 niliwakuta vijana wanne mlangoni petu, mtaani Jericho, Nairobi, mawe mkononi, wamekodolea macho tundu la hewa chini ya paa. Nyuma yao alisimama Mama Brayo, leso ameifunga kifuani kama mtu anayetoka matangani. Na kweli alikuwa anatoka matangani. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa amefariki Jumapili, na wiki hiyohiyo bundi alikuwa amelia juu ya paa letu.

"Mwanangu, huyo ndiye aliyemwita Mzee," akaniambia. "Waache wamtoe kabla hajamwita mwingine."

Sikubishana naye, msiba ulikuwa mbichi. Isitoshe, hata mimi nimekulia katika imani hiyo: bundi alipolia, shosho, bibi yangu, alichomoa kijinga cha moto jikoni akamtupia. Niliomba dakika tano tu.

Jumatano nilizopata nafasi nilikuwa nikienda kwenye matembezi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya, yale yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Huko ndiko nilikojifunza kuangalia chini kabla ya kuangalia juu. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimeshikana tonge moja. Chini ya lile tundu matonge yalikuwa yametapakaa. Niliokota moja, nikakaa pale kizingitini na kulichambua kwa njiti ya kiberiti. Fuvu la kwanza likatoka, na meno yake ya mbele ya rangi ya machungwa. La pili. La tatu. Kijana mmoja akaweka jiwe chini, akachukua tonge lake.

Mama Brayo aliyatazama yale mafuvu kwa muda mrefu.

"Hawa ndio wanaonimalizia unga," akasema. "Basi akae."

Akakaa. Usiku nilizima taa nikamsubiri dirishani: uso mweupe wenye umbo la moyo, mabawa yasiyotoa sauti hata akipita karibu kiasi cha kumgusa. Niliwahi kuona watoto wa mtaa wakimnyooshea kidole wakinyamazishana asije akashtuka.

Kwa wiki tano hivi.

Kila Jumamosi mchuuzi hupita na kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni. Nilikuwa nanunua kwake, kama kila mtu, na pakiti zilikaa chini ya sinki hata siku ile nilipokuwa nikiwachambulia vijana mafuvu. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Kuna sumu zisizomwua panya papo hapo. Humvujisha damu ndani kwa ndani siku kadhaa, na siku hizo hutembea amelegea, windo jepesi kuliko yote.

Nilimkuta bundi alfajiri kando ya pipa la maji. Mabawa mazima, hakuna jeraha, damu kidogo imekaukia puani. Hakuna aliyemrushia jiwe. Nilipomweleza Mama Brayo, aliingia kwake bila neno, akarudi na pakiti zake mbili, akaziweka juu ya zangu.

"Na panya je?"

Jumatatu nikitoka kazini nilipitia soko la Gikomba, nikanunua mitego miwili ya waya, wangu na wake.