Siku Moja Nikimfuatilia Kanu wa Lowe Msituni Mwanihana

Saa 11 alfajiri. Hapa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa nchini Tanzania, tunapakia betri, kadi za memori na vifuko vya kukausha unyevu, kisha tunaanza kupanda msitu wa Mwanihana nyuma ya askari wa hifadhi, kwa kuwa nyati na tembo hupita njia hizi hizi.

Saa 3 asubuhi. Tunayemtafuta ni kanu wa Lowe, mla nyama mwembamba mwenye madoadoa madogo yaliyosongamana na mkia wa pete, ambaye kwa miaka mingi wanasayansi walimjua kwa ngozi moja tu iliyokusanywa na Willoughby Lowe katika milima hii mwaka 1932. Picha yake ya kwanza akiwa hai ilipatikana mwaka 2000, kwa kamera iliyotegwa msituni. Miaka 68 yote hiyo alikuwa akiwinda humu humu usiku. Ndiyo maana nikiambiwa kwamba mnyama fulani ametoweka, huuliza kwanza alitafutwa kwa njia gani.

Saa 5. Kamera ya kwanza imefungwa kwenye shina, kimo cha goti, ikitazama ujia wa wanyama, na kihisi chake huamshwa na joto la mwili unaopita. Kazi hii haitaki haraka. Naondoa kila jani lililo mbele ya lenzi, kwani majani yaliyopata joto la jua yakitikiswa na upepo huijaza kadi picha tupu. Nafuta ukungu, nabadili betri, kisha nahakiki tarehe na saa, maana bila saa sahihi picha haitatueleza kanu huwinda wakati gani. Mwisho natambaa mbele ya kamera, kwa kimo cha kanu, hadi kitaa cha majaribio kiwake. Chambo hatuweki, kwa sababu tunataka kujua mahali anapopita kwa hiari yake.

Saa 9 alasiri. Mvua inatushusha.

Saa 1 jioni. Kwenye kompyuta zinapita picha za panya buku, nguchiro na minde, halafu anatokea kanu, saa 8 usiku, kichwa kikiwa chini. Namkuza na kuyachunguza madoadoa, kwa kuwa kanu wa kawaida, mwenye madoa makubwa zaidi, naye anaishi katika milima hii. Haya ni madogo na yamebanana: ni yeye. Naandika namba ya kamera, mwinuko, tarehe na saa, kisha nafungua kadi inayofuata.