Nilipomnyang'anya Kijana Kipaza Sauti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimesoma Matendo ya Mitume 18:24-28, habari za mhubiri Apolo, mara nyingi kuliko nilivyokusudia, na kila niliposoma nilikutana na uso wa kijana mmoja wa usharika wetu ambaye nilimkosea mbele za watu. Nimeona vema niwasimulie ninyi kwanza, kwa kuwa baadhi yenu mlikuwepo na mkanyamaza kwa heshima.

Mnakumbuka kwamba baraza la wazee liliwaruhusu vijana wafanye uinjilisti wa nje kwa Jumamosi nne, na ile ya pili ilifanyika jioni katika kijiwe cha bodaboda kilicho jirani na soko la Kiboriloni, hapa Moshi. Spika zilikuwa mbili, betri tuliazima, na mhubiri alikuwa kijana wa miaka 24 ambaye mwenyewe anaendesha bodaboda ya mkataba na kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri wake. Hakutafuta jukwaa. Alisimama kando ya pikipiki yake, kofia ngumu ameitundika kwenye kioo, akawaeleza wenzake jinsi alivyoanguka na abiria kwenye mteremko wakati wa mvua za masika, na jinsi alivyojisikia ameliita jina la Yesu kabla hajafikiri kuliita. Kisha akasema kwamba hivyo ndivyo Paulo alivyolia, "Bwana, niokoe," alipoanza kuzama baharini.

Aliyelia vile ni Petro, Mathayo 14:30. Pale kijiweni hakuna aliyeshtuka. Mwendesha bodaboda mmoja, aliyekuwa amekwisha kuwasha pikipiki ili aondoke, alikuwa ameizima tena apate kusikia vizuri. Aliyeshtuka ni mimi. Nikasogea, nikamwekea kijana mkono begani kana kwamba nampongeza, na kwa mkono wa pili nikakichukua kipaza sauti. Nilisahihisha jina, nikataja sura na mstari, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwangu nikaendelea kwa dakika kama ishirini, nikieleza habari za upepo, za mashaka ya Petro, na za tofauti kati ya wito wake na wito wa Paulo. Yule aliyezima pikipiki akaiwasha. Wa pili akamfuata, wa tatu akaitwa na abiria, na nilipofunga kwa sala walikuwa wamebaki vijana wetu wenyewe pamoja na mama mmoja muuza ndizi ambaye asingeweza kuondoka na kuiacha meza yake.

Kijana hakuonekana kanisani Jumapili iliyofuata, wala ile ya pili yake. Niliambiwa yuko kazini, nami nikaipokea habari hiyo kwa wepesi ulioniaibisha baadaye, maana nilifahamu vizuri kwamba kwa miaka miwili alikuwa akifanya kazi Jumapili baada ya ibada ya kwanza.

Sasa tazameni walivyofanya Prisila na Akila. Apolo alifika Efeso akitokea Iskanderia, mtu wa elimu, hodari katika Maandiko, roho yake ikimwaka, naye akanena kwa ujasiri katika sinagogi. Hata hivyo alijua ubatizo wa Yohana tu. Upungufu huo si kama kumtaja Paulo mahali pa Petro. Mhubiri alikuwa amesimama mbele ya watu akiwa na sehemu tu ya habari, na waliokuwa wakimsikiliza ni mume na mke ambao Paulo mwenyewe alikaa kwao Korintho na kufanya nao kazi ya kushona mahema, katika mji alimofundisha neno kwa mwaka mmoja na miezi sita. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusimama na kusema, "Ndugu, ngoja kwanza," ni hawa wawili. Lakini Luka anatuambia kwamba walipomsikia walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi.

Walimchukua kwao. Neno hili dogo ndilo lililonishika wiki nzima. Ninajiuliza huko kwao palikuwaje. Walikuwa mafundi wa mahema, kwa hiyo huenda Apolo aliketi kati ya vitambaa vizito na sindano nene, na pengine mafundisho yalitolewa huku mikono ikiendelea kushona, kwa maana waliokimbia Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio ya kuwafukuza Wayahudi hawakuwa watu wa kukaa bure. Luka hakuandika hata sentensi moja ya yale waliyomwambia. Alichotuachia ni kwamba ilikuwa kwao. Alipotoka huko, kosa lake lilikuwa limekwisha, na heshima yake mbele ya watu wa sinagogi ilikuwa haijaguswa. Tena Luka hasemi kwamba walimwambia apumzike kuhubiri mpaka atakapokomaa. Mistari miwili mbele tunamkuta Akaya, huko Ugiriki, akiwashinda wapinzani wake mbele ya watu wote, akionyesha kwa Maandiko ya kuwa Yesu ndiye Kristo.

Jumanne nilikwenda kijiweni. Nilimkuta ametoka na abiria, nikaketi kwenye benchi lao la ubao kumsubiri, na wenzake wakanisalimia kwa adabu iliyochanganyika na udadisi, maana walinikumbuka. Alipofika alizima pikipiki, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee." Nikaitika, nikamwomba msamaha pale pale, wenzake wakisikia, kwa kuwa kosa nililifanya wakiwa wanasikia. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mzee, hata mimi najua ni Petro. Nilikuwa natetemeka tu."

Wapendwa, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsahihisha mtu katika jambo analolijua. Kama ningesubiri dakika mbili huenda angejisahihisha mwenyewe, na kama asingejisahihisha, yule mwenye pikipiki angeondoka akiwa amesikia kwamba Yesu husikia mtu anapozama, hata kama mtu huyo ametajwa kwa jina lisilo lake. Petro mwenyewe, nadhani, asingelalamika.

Ndiyo maana nataka kusema na wazee wenzangu, na sitasema kwa kuzunguka. Kila mwaka tunapokea kipaimara vijana waliovaa vizuri, tunapiga nao picha mbele ya madhabahu, na baada ya miaka michache tunaulizana kwenye baraza wamekwenda wapi. Tunaunda kamati ya kuwatafuta. Lakini wale ambao hawakuondoka, wale walio mikononi mwetu leo, tunawatumia kwa nini? Tunawaita viti vinapotakiwa kupangwa, turubai linapotakiwa kufungwa, na magunia ya mavuno yanapotakiwa kushushwa kwa ajili ya mnada. Kwaya yao tunaipenda. Siku ya vijana tunawapa ibada nzima, kisha tunakaa viti vya mbele na kalamu mkononi tukihesabu walipokosea liturujia. Jumatatu yake funguo za ofisi, daftari la fedha na ratiba ya wahubiri vinarudi mahali vilipokuwa. Halafu tunasema kwamba vijana wa siku hizi hawataki wajibu.

Nasema kwa upendo, nami ni wa kwanza kushtakiwa na maneno haya: kuna wajibu gani ambao tumewahi kuuachia mikononi mwao kabisa, kiasi kwamba wakikosea kazi itaharibika kweli, na sisi tukakaa kimya tukiwaombea? Sera ya vijana ya nchi yetu inamhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Mtu wa miaka 35 ana watoto shuleni, analipa kodi ya nyumba, anasimamia watu kazini, lakini akitaka kutumia shilingi elfu hamsini za umoja wa vijana anasubiri sahihi za wazee watatu ambao mmoja wao amesafiri. (Kwa upande mwingine, nimewahi kuona umoja wa vijana ambao mwenyekiti wake ana mjukuu. Huyo naye ashuke kwa amani.)

Tunapenda kumnukuu Paulo, "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako," nasi tunaunukuu mstari huo kwa vijana kana kwamba ni wao wanaoudharau. Timotheo aliambiwa awe kielelezo, ndiyo. Lakini aliyemwambia alikuwa amekwisha kumkabidhi kanisa la Efeso, lenye walimu wa uongo, wajane wa kutunzwa na wazee wa kuonywa. Paulo hakumpa Timotheo viti avipange. Alimpa Efeso, kisha akamwandikia barua. Mnaona mpango huo? Kazi ilitangulia, na mafunzo yakamfuata kazini, yakiwa yamejaa machozi, kumbukumbu za bibi yake Loisi na mama yake Eunike, hata ushauri juu ya tumbo lake. Sisi tunafanya semina ya uongozi ya siku tatu, tunatoa vyeti, na baada ya hapo hakuna kazi.

Wazee wa hapa Moshi wana habari za mwaka 1960, Billy Graham, mhubiri wa Marekani, alipohubiri katika mji huu. Aliyesimama kando yake akiyageuza maneno yake kuwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere, mwalimu wa shule kutoka Kigezi, Uganda, ambaye wakati huo hakuwa amepokea daraja lolote la ukasisi. Miaka ya 1940, akiwa bado kijana, alikuwa amekwenda Dodoma na mkewe kufundisha, akiwa na moto ule wa uamsho uliotoka Rwanda na Uganda, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Uamsho ule wenyewe haukusubiri watu wenye vyeo. Gahini, nchini Rwanda, ulibebwa na watumishi wa hospitali na walimu, watu waliotoka kazini, wakaenda kushuhudia wakiwa kikundi, na waliporudi wakakaa pamoja katika ushirika, kila mmoja nuruni mbele ya wenzake. Huko kukaa pamoja ndiko ninakoona kuwa sawa na nyumba ya Akila. Mtu alihubiri leo akiwa na upungufu wake, na kesho ndugu zake walimwambia ukweli uso kwa uso, katika chumba ambamo nao waliambiwa wa kwao.

Kwenu vijana nina neno moja fupi. Apolo alikuwa msomi wa Iskanderia, na waliomwita pembeni ni washona mahema. Alikwenda. Paulo katika salamu zake kwa Warumi anamtaja mke kwanza, Priska na Akila, kwa hiyo nadhani sehemu kubwa ya somo lile ilitoka kwa mama. Mkiitwa kwa namna hiyo, na mzee ambaye hajui kutumia hata simu yake vizuri, nendeni.

Jambo la mwisho lililonigusa katika mistari hii ni ile barua. Apolo alipotaka kuvuka mpaka Akaya, ndugu walimhimiza, wakawaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe. Kila mwaka tunawapoteza vijana wanaokwenda chuo Dodoma au kutafuta kazi Dar es Salaam, nasi tunawaaga kwa sala nzuri na bahasha ndogo, kisha tunawaacha waingie mji mkubwa bila mtu hata mmoja anayelijua jina lao. Barua ya uhamisho tunaiandika pale mtu anapoiomba, mara nyingi kwa sababu anataka kufunga ndoa. Nimemwomba mchungaji wetu kwamba kuanzia sasa kila anayeondoka mzee wake wa mtaa apige simu usharika wa kule kabla basi halijafika, na aseme waziwazi huyu anaweza kazi gani: anafundisha watoto, anapiga kinanda, anahubiri kijiweni. Ndugu wa Efeso hawakumficha Apolo ili wabaki naye, na Paulo aliyewaandikia Wakorintho baadaye, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji," alikuwa anamsifu mtu aliyelelewa mezani kwa watu wengine.

Alhamisi jioni yule kijana alikuja nyumbani kwangu. Mama alimwekea chai na mihogo, tukasoma Mathayo 14 tangu mwanzo, yeye akisoma na mimi nikisikiliza, na alipofika mstari wa 31 akasimama akasema kwamba hajawahi kugundua kuwa Yesu alinyosha mkono kwanza ndipo akamuuliza Petro kwa nini aliona shaka. Mimi nimesoma sura hiyo tangu nikiwa mwanafunzi wa kipaimara, na sikuwa nimeliona hilo.

Alipokuwa anaondoka nilimpa funguo za kabati la vifaa vya sauti, ambazo zimekuwa kwenye mkufu wangu kwa miaka tisa, kwa ajili ya Jumamosi ya tatu ambayo nitahudhuria nikiwa nimeketi kwenye lile benchi la ubao. Ijumaa asubuhi alinipigia simu kutoka kanisani. Alikuwa amehesabu vifaa vyote, waya mmoja wa spika umekatika ndani, na inaonekana umekatika siku nyingi. Aliniuliza kama anunue mwingine kwa fedha ya umoja wa vijana au asubiri baraza likae. Nikamwambia anunue.