Cheni ya saa, fundi baiskeli na roboti iliyogoma kukata kona

Roboti yetu ya kwanza ilikuwa na mkono mzuri balaa. Unanyanyuka, unashika boksi, unaachia, madogo wakaurekodi kwenye simu wakawatumia mpaka mashangazi zao huko Muheza. Tatizo moja tu, roboti yenyewe haikati kona. Mbele inakwenda kama imechomwa sindano, ukiiambia igeuke inatetemeka palepale, inarukaruka kama chura, mota zinaanza kunuka, halafu kimya, fyuzi imekwenda. Wiki ile tuliunguza fyuzi tatu na mi ndo mtu mzima wa klabu ya roboti ya shule, eti msimamizi.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kukaa na magurudumu. Ukigawa kazi kwa vijana wa fomu two na fomu three wote wanakimbilia mkono, wengine programu, magurudumu wanaachiwa wale waliochelewa kufika. Na mimi nikaona sawa tu, magurudumu si magurudumu bana, unafunga mota, unafunga tairi, unatembea.

Sasa twende kwenye mota maana hapo ndo tulipoharibu. Tunazo nne tu, za kampuni ya REV, zile wanaita HD Hex, za volti 12. Mbili tumeziweka kwenye kutembea, moja kulia moja kushoto, mbili ziko kwenye mkono. Mota hii ikiwa haina mzigo inazunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mbio kwelikweli, lakini nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo, kama nyutoni mita 0.105 basi. Yani ukiifunga tairi moja kwa moja bila gia, ukiligusa kwa kidole linasimama. Kwa hiyo lazima upitishe kwenye giaboksi, upoteze mbio upate nguvu.

Giaboksi zake ni za sayari. Ukiifungua ndani kuna gia ndogo katikati, hiyo ndo jua, limefungwa na mota, pembeni yake gia zinazolizunguka, hizo ndo sayari, na nje kuna pete yenye meno kwa ndani ambayo yenyewe haizunguki. Kinachotoka ni mzunguko wa kile kibebeo cha sayari, ambacho kinakwenda polepole kuliko jua. Raha yake ni kwamba zinakuja kwa vikopo, kuna cha 3, cha 4 na cha 5, yani kinapunguza mbio mara 3, 4 au 5, unapanga kimoja juu ya kingine kama sufuria za pilau, na ukipanga unazidisha, hujumlishi. Kuna dogo alijumlisha, 3 na 4 akasema 7, tukacheka halafu nikagundua na mwenzake kaandika hivyohivyo kwenye daftari.

Na hapa kuna mtego kidogo. Kikopo kimeandikwa 3 lakini ukihesabu meno kweli kweli ni 2.89, cha 4 ni 3.61, cha 5 ni 5.23. Sisi tulipanga 3 na 4 tukijua tuna 12, kumbe tuna 10.4. Tairi letu lina kipenyo cha milimita 90, mzingo wake ni kama sentimita 28, ukipiga hesabu roboti inatakiwa ikimbie mita 2.7 kwa sekunde bila mzigo. Uwanja wenyewe roboti inapochezea ni mraba wa mita tatu na nusu na kidogo. Yani tumejenga basi la mikoani la kwenda sokoni Mgandini.

Lakini sikuelewa shida ni nini mpaka siku nilipopeleka baiskeli yangu kwa fundi.

Mnaojua Tanga mnajua, huku kila nyumba ina baiskeli, mji tambarare, mtu anatoka nyumbani mpaka bandarini kwa baiskeli na shati halijaloa. Huyu mzee kibanda chake kiko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, namba yenyewe siitaji maana foleni yake tayari inanitosha. Nikafika na roboti kwenye kikapu, nikitoka nayo shuleni, na vijana wawili nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo nalo ni dude gani, jiko?"

Wale vijana wakaanza kumweleza, wote wawili kwa pamoja. Mzee akasikiliza, akaigeuza roboti tumbo juu, akaangalia ile cheni inayounganisha tairi la nyuma na la mbele, akacheka sana. "Hii cheni ya saa." Cheni yetu ni namba 25, kutoka pini mpaka pini ni milimita 6.35, ya baiskeli ni 12.7, kwa hiyo ni nusu kamili. Jina likabaki hapohapo, mpaka leo klabuni inaitwa cheni ya saa.

Halafu akaanza kututolea makosa moja moja, bila haraka, huku anaziba pancha ya mtu mwingine.

La kwanza tairi zetu zilikuwa zimeshikwa upande mmoja tu, shafti imetoka kwenye fremu tairi likaning'inia nje. Akachukua baiskeli yangu akatuonyesha uma wa mbele, akasema tairi linashikwa kulia na kushoto, nyie lenu kama mlango wa bawaba moja, likibebeshwa mzigo linalala. Na kweli, ukiweka jicho usawa wa sakafu unaona tairi zimeinama kwa ndani. Shafti ikilala sproketi, ile gia inayovutwa na cheni, nayo inalala, cheni inaanza kupanda kwenye meno, siku mbili tatu inatoka.

La pili akachukua uzi wa cherehani, akauvuta kutoka sproketi ya nyuma mpaka ya mbele, uzi ukagusa moja na kuikosa nyingine kwa milimita kama tatu. Mi nilikuwa nimepima kwa macho. Uzi wa shilingi ngapi huo jamani.

La tatu ndo lilinichoma maana ni mimi mwenyewe niliyewaambia vijana wakaze cheni mpaka iwe kama waya wa gita. "Cheni haikazwi kama kamba ya mbuzi," mzee akasema, "ikikazwa hivyo inakula nguvu yote, mguu unachoka na beringi zinakufa." Akainua cheni ya baiskeli yangu kwa kidole katikati, ikapanda ikashuka, nafasi kidogo tu. Yetu haikusogea hata nywele. Kwenye baiskeli unalegeza nati za nyuma unasogeza tairi, sisi tulikuwa tumetoboa matundu ya duara kwa hiyo huwezi kusogeza kitu, na cheni nayo huipunguzi kipande kimoja kimoja, inaunganishwa pingili nene na nyembamba kwa kupokezana, ukitoa unatoa mbili. Tukarudi tukachonga matundu marefu kwa tupa. Jasho.

Ila swali lililotufungua macho aliuliza mmoja wa wale vijana, dogo mkimya hivi, siku zote anakaa nyuma. Akahesabu meno ya baiskeli ya mzee, mbele 44 nyuma 18, akauliza mbona baiskeli inafanya kinyume na roboti, huku pedeli ikizunguka mara moja tairi linazunguka karibu mara mbili na nusu, kwetu mota inazunguka mara kumi tairi mara moja. Mzee akamwangalia, akamwambia mguu wa mtu una nguvu lakini hauna mbio, hiyo mota yenu ina mbio lakini haina nguvu, kila mmoja anaongezewa anachokosa. Nimesoma ufundi miaka, sijawahi kuelezwa giaboksi vizuri namna ile.

Basi usiku nikakaa na kalamu. Roboti ina kilo 12 hivi, kila upande unabeba nusu. Tukisema mpira unashika sakafu vizuri sana, msuguano kama 1, yani nguvu ya kushika ni sawa na uzito, mpaka tairi za upande mmoja ziteleze inatakiwa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 2.6 hivi. Mota yetu kwa gia ile ya 10.4 inatoa 1.1, na hapo ni ikiwa imekaza mpaka imesimama. Umeona? Roboti inayogeuka kwa kutofautisha kulia na kushoto lazima iburute tairi zake kwa ubavu, sasa mota haina nguvu ya kuziburuta, inasimama huku umeme unaingia tu, na mota iliyosimama ndo inayokula umeme mwingi kuliko zote, betri ina fyuzi ya ampea 20, ndo zile tatu zilizokwenda. Bora tairi iteleze kuliko mota isimame. Tairi ikiteleza unapoteza mpira kidogo, mota ikisimama unapoteza mota.

Dawa ikawa kuchukua vikopo vya 5 vya mkono tukavifunga kwenye magurudumu badala ya vile vya 3 na 4, sasa ni 5 juu ya 5, kwa meno halisi ni 27.35. Nguvu inafika 2.9 hivi kwenye karatasi, msuguano wa gia ukila chake inaponea chupuchupu. Mbio zikashuka mpaka mita 1 kwa sekunde. Timu ya mkono walinuna siku nzima, wakasema tumewaibia, na roboti sasa inatembea kama bibi harusi.

Na mbele tukatoa tairi za mpira tukafunga za omni, zile zenye virola vidogo pembeni, zinasukuma mbele kama kawaida lakini kwa ubavu zinateleza zenyewe, kwa hiyo kwenye kona hakuna cha kuburuta. Wenye roboti kubwa za tairi sita wana ujanja mwingine, tairi za katikati wanazishusha milimita tatu hivi, roboti inageukia pale kama pia. Sisi tairi sita hatuna hela yake.

Siku ya kujaribu ikakata kona. Mara ya kwanza kabisa. Ikazunguka palepale duara zima, fyuzi ipo, mota unazishika kwa mkono hazichomi, yule dogo mkimya akapiga ukelele mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Kilichobaki ni kutu, huku chumvi ya bahari haina huruma na cheni ya saa ilishaanza kuwa nyekundu. Nilitaka kuipaka grisi, mzee kakataa, anasema grisi inakamata mchanga wa Tanga wote, weka oili tone tone kisha ufute. Jumamosi tunafungua giaboksi zote nne kuzisafisha, huko ndani ndo grisi inakokaa. Nimemwomba mzee aje shuleni awaonyeshe na wengine, amesema hafungi kibanda saa za biashara, tukitaka tumpelekee lile jiko letu.