Papa wa bibi

Mwaka 2011 nilirudi Lindi likizo nikamkuta bibi kanuna. Papa wake wa chumvi sita walikuwa wamegeuka wekundu pale uchanjani, na ukiwagusa wanateleza. Mchuuzi aliwanusa akawaacha. Jirani alikwishatamka neno kijicho.

"Haya, mume wangu, wewe unayesomea vidudu," bibi akaniambia. "Chumvi nayo inaoza?"

Jibu nilikuwa nalo, na nilifurahi kupita kiasi kuwa nalo. Chuoni tulikuwa tumetoka kusoma Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ambako vijidudu vipenda chumvi hupaka maji rangi nyekundu na huishi hata kwenye tope la chini, ndani ya magadi makali ya kuunguza ngozi. Magadi yale yale, nikamwambia, unayotia kwenye kunde. Akaniangalia tu.

Nikampeleka kwa mjomba, kwenye majaruba ya chumvi. Jaruba la mwisho lilikuwa jekundu.

"Hayo yameiva," mjomba akasema. "Yakishakuwa hivyo, chumvi haiko mbali."

Nikaeleza. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kwa vijidudu hawa wekundu hayo ni maji matupu, wanataka angalau mara nne au tano ya hapo. Chumvi ikiganda, baadhi hubaki hai ndani ya punje, wakaingia guniani, kisha kwenye nyama ya papa wakapata chakula. Nikaongeza kwamba ingawa jina lao ni Halobacterium, si bakteria, ni wa ukoo wa akea, ambao wanasayansi Carl Woese na George Fox waliutenga na bakteria mwaka 1977. Hilo hakuna aliyeniuliza.

"Kumbe kijicho changu ni wewe," bibi akamgeukia mjomba.

Mjomba akacheka, bibi hakucheka. Akataka dawa. Nikamwambia maji yasiyo na chumvi huwapasua.

"Niwaoshe kwa maji ya mvua, vidudu wapasuke, halafu papa aoze kweli? Chuo gani hicho?"

Nikanyamaza.

"Na motoni je?"

"Motoni wanakufa."

Kesho yake alfajiri niliamshwa na moshi. Bibi alikuwa amekaa jikoni na kikaango, anageuza chumvi ya mawe kwa mwiko kama anayekaanga korosho. Pembeni yake lilikuwepo gunia jipya la mjomba, na nilivyosikia baadaye, hakulilipia.