Barua ya Uhamisho na Mahema ya Akila

Somo: Matendo 18:1–3, 18–26

Wapendwa, Bwana asifiwe. Barua ya uhamisho ikimkuta mtumishi Mwanza na kumtaka aripoti Dodoma, kuna anayefunga mizigo jioni ileile, na kuna anayekosa usingizi. Tusiharakishe kumwita wa kwanza mtu wa imani. Yona naye alikuwa mwepesi wa safari: alilipa nauli kule Yafa akapanda merikebu ya Tarshishi, kumbe anakimbia. Loti alijichagulia bonde la Yordani kwa kuwa macho yake yaliona maji tele, basi.

Mpenda mambo mapya huondoka upesi, lakini ugeni ukimwisha huanza kuulizia kituo kingine. Mzito wa kuhama huumia miezi ya mwanzo, kisha huota mizizi. Anayeteseka zaidi ni yule aliyefika kwa mwili tu, kila kitu anakipima na alikotoka: soko, samaki, hata kwaya.

Akila, mzaliwa wa Ponto, aliondoka Italia na mkewe Prisila kwa amri ya Kaisari Klaudio. Wakashona mahema Korintho, wakaenda Efeso, baadaye tunawakuta Rumi tena. Maandiko yanawataja kwa majina mara 6, na mara zote 6 wako pamoja. Watafiti wa mambo ya kazi nao hulikuta hili: mwenza asiporidhia, utayari wa mwajiriwa hupungua sana. Mume akisema "natangulia nijipange, nitawaita", kodi zinakuwa mbili, nauli haikomi, na miaka inapita hajawaita.

Basi ombeni wote wawili, kisha mmoja aende akakae siku 3. Aulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki, shule iko wapi, na kama mwenye nyumba atapokea kodi ya miezi 3 badala ya 6. Watoto wahame mwanzoni mwa muhula. Barua ya utambulisho ya mchungaji ipelekwe Jumapili ya kwanza, msingoje "kutulia" kwanza, na wiki hiyohiyo mwingie jumuiya. Cherehani, kama mnayo, isiachwe nyuma. Paulo alikaa kwa Akila kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja, na baadaye kanisa lilikutana nyumbani kwao, kwanza Asia, kisha Rumi (1 Wakorintho 16:19, Warumi 16:5).