Kutua Wilson ukiwa umezoea hewa ya Malindi

Masomo ya urubani niliyaanza Malindi, karibu kabisa na usawa wa bahari, kisha nikahamia Wilson, Nairobi, kiwanja kilicho zaidi ya futi 5,500 juu. Ndege ni aina ile ile, Cessna 172, na mwendo wa kuja kutua ni ule ule, noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa. Ila Wilson lami ilinijia mbio hata mkono ukawa unawasha kupunguza moto wa injini. "Tazama mshale, kijana," mwalimu akawa ananiambia kila mara, yaani mshale wa kipimo cha mwendo.

Kutii bila kuelewa kulinikera, nikaanza kuuliza mshale wenyewe unapata wapi habari zake. Chini ya bawa la kushoto kuna kibomba kinachotazama mbele. Ni bomba la Pitot, la Mfaransa Henri Pitot, aliyelitumia mwaka 1732 kupima mwendo wa maji ya mto Seine. Hewa inakigonga mdomoni; kitundu kingine ubavuni mwa ndege kinapokea kanieneo ya hewa isiyosukumwa. Mshale huonyesha tofauti ya hizo mbili, basi. Habari za ardhi hauna.

Sasa hewa ya Nairobi ni nyepesi. Ili iusukume mshale ufike 65, lazima ndege ikimbie zaidi: marubani hukadiria asilimia 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo pale Wilson ni kama noti 72. Kumbe kweli tulikuwa tunakimbia! Lakini bawa nalo hubebwa na msukumo huo huo wa hewa, kwa hiyo ukipunguza mwendo ili macho yaridhike, unakaribia pale linaposhindwa kubeba.

Nilihakikisha kwa GPS, inayopima mwendo juu ya ardhi. Kwenye futi 7,500, mshale ukiwa 90, tuliruka na upepo kisha tukageuka kuukabili. Wastani ulikaribia 103. Tangu hapo mkono ukatulia.

Kilichobaki ni kukikagua kibomba chenyewe. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair, shirika la Uturuki, ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Wachunguzi walishuku nyigu walijenga ndani ya bomba. Kwa hiyo navua kifuniko, nachungulia mdomo, wala sipulizi, maana pumzi yaweza kuharibu kipimo. Tukianza kukimbia kwenye lami nautazama mshale: usipoamka mapema, nafunga moto, nashika breki.