Mafuriko ya Aprili, Njaa ya Januari

Kila mvua za masika zinapoifurisha Kyela, sisi wa makanisa na misikiti ya Mbeya hufika mapema, na hilo ni jambo jema ambalo sipendi lipuuzwe. Unga, maharage, sabuni na mablanketi hukusanywa ndani ya siku chache, na magari ya parokia, ya shirika na ya waumini wa Kiislamu hupishana katika barabara ya Tukuyu. Hata hivyo, baada ya kuhudumu kwa muda katika kamati ya huduma ya ushirika wetu wa kanisa, nimeamini kwamba msaada mkubwa tunaoweza kuutoa ni ule wa miezi tisa baadaye.

Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha huko maji ya milimani. Mafuriko ya Aprili huukuta mpunga ukielekea kukomaa, na maji yakituama shambani kwa siku nyingi, kaya hupoteza kwa pamoja chakula cha mwaka, ada ya watoto na fedha ya kulipia mkopo wa mbolea. Mwezi wa Juni mkulima wa kaya hiyo haonekani kuwa na shida, kwa sababu analima vibarua na anakula ndizi. Shida yake hujitokeza Desemba na Januari, wakati wenzake wanapanda na yeye hana mbegu, huku wafadhili wa Aprili wakiwa wamekwisha kumsahau. Aliyepoteza miche ya kakao husubiri zaidi, kwa kuwa mche mpya huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa.

Wakati huohuo, kati ya Juni na Agosti, makanisa yetu mengi hufanya ibada ya mavuno. Magunia ya mahindi, mchele na maharage huletwa madhabahuni, kisha hunadiwa papo hapo, na fedha huingia katika matumizi ya kawaida. Ninaheshimu utaratibu huo, lakini ninaomba sehemu ya nafaka isinadiwe. Ikaushwe vizuri, ihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili isibunguliwe, na itolewe msimu wa kupanda ukianza, pamoja na fedha ya kununulia mbegu bora. Ndugu zetu Waislamu wana msingi wa wazi zaidi: zaka ya mazao yaliyonyeshewa na mvua ni sehemu moja ya kumi, na miongoni mwa wanaostahili kupewa zaka wamo wenye madeni, yaani watu wa hali ileile ya mkulima niliyemweleza.

Kazi nyingine haihitaji nafaka. Kila ushirika una waashi na maseremala, na siku mbili zao kwa mwezi zinatosha kuinua kuta, kuchimba vyoo upya na kusafisha visima vilivyoingiwa na maji machafu, kazi ya mwisho ikiwa ya haraka kwa sababu ya kipindupindu. Lakini si kila nyumba ijengwe pale ilipokuwa. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024, tope la Mlima Kawetere lilifunika nyumba na majengo ya shule katika kata ya Itezi, hapa jijini. Kwa familia ya mahali kama pale, mtu wa kujitolea mwenye manufaa ni yule anayefuatana nayo ofisi kwa ofisi kutafuta kiwanja salama, hata ikichukua mwaka.

Jambo moja halina mjadala kwangu: orodha ya wanaosaidiwa isitengenezwe kanisani peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaziweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, nasi tukae nazo pamoja na masheikh, wachungaji na mapadre wa eneo hilo, ili mjane asiye na dhehebu asirukwe na mzee wa kanisa asihesabiwe mara mbili.

Kwa hiyo, wanakamati wenzangu mnaosoma hapa, zungumzeni na wazee wa ushirika kabla tarehe ya ibada ya mavuno haijatangazwa, mkubaliane idadi ya magunia yatakayobaki ghalani na jina la atakayeshika ufunguo.